Mtoto Mnene na Masimango ya Mezani

Neno "afya" katika mazungumzo yetu ya kila siku lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ile ya hospitali, yaani hali ya mwili usiougua. Maana ya pili ni ya barazani. Ukimsikia mama akiambiwa, "Mwanao ana afya kweli kweli," fahamu kwamba hakuna aliyempima mtoto huyo joto wala damu. Wameona mashavu, wameona mikono iliyojikunja vifundoni, wakafurahi. Mama naye hufurahi, kwa kuwa sifa hiyo ni yake kuliko ya mtoto: ameambiwa kwamba nyumbani kwake watu wanashiba.

Mtoto huyo huyo akitimiza miaka 12 au 13, sifa hugeuka. Shangazi yule yule aliyemsifu sasa humwita "bonge" au "tipwatipwa" mbele ya wageni. Kaka zake humcheka akikaa kwenye kiti cha plastiki. Mama humpakulia huku akimtazama kwa jicho la pembeni, na baba hulalamika kwamba viatu vya mtoto huyu havimalizi muhula. Mwenyewe hajui ni siku gani aliyohamishwa kutoka upande wa kusifiwa kwenda upande wa kuchekwa, maana yeye anakula chakula kile kile alichopewa siku zote, mezani pale pale.

Makala ya leo yawahusu wazazi wa mtoto huyo, ambao aghalabu wanataka kumsaidia kwa dhati, lakini huanzia mahali pabaya.

Sifa zile za utotoni zina asili yake, wala si haki kuzibeza. Kwa miaka mingi nchi yetu ilipambana na utapiamlo, surua na malaria, na mzazi aliyemwona mtoto amekonda alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mtoto mnene alionekana kuwa na akiba mwilini ya kumvusha katika homa ya wiki mbili. Kisha ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza hapa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda mrefu baada ya hapo kukonda ghafla kulitosha kumfanya mtu anyooshewe kidole mtaani. Kwa hiyo bibi anapomsukumia mjukuu kipande cha pili cha nyama na kumwambia aongeze mwili, anazungumza kwa niaba ya watu wengi aliowazika. Tukimjibu kwa kiburi cha kisomi hatutamsaidia yeye wala mjukuu.

Lakini mambo yamebadilika, na hasa mijini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na wa mijini wakiwa wengi zaidi kuliko wa vijijini. Watoto hufuata nyumba. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 duniani walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa hesabu ya dunia nzima, watoto wa umri huo wenye unene wa kupindukia sasa ni wengi kuliko wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hazijafika huko. Kwetu waliopungukiwa wangali wengi zaidi. Maana yake ni kwamba sisi tumebeba mizigo yote miwili kwa wakati mmoja, na pengine katika mtaa mmoja: nyumba hii mtoto amedumaa kwa kukosa, nyumba ya pili mtoto anahema akipanda ngazi tatu.

Sasa, mzazi atajuaje kwamba mwanawe amezidi uzito? Si kwa macho. Macho yetu yamezoea. Mtaani penye watoto wengi wanene, mnene kidogo huonekana wa kawaida na wa kawaida huonekana mgonjwa. Wala si kwa mizani peke yake, kwa sababu kilo bila kimo hazisemi kitu. Kadi ya kliniki yenye mchoro wa ukuaji ndiyo msaada mkubwa wa miaka mitano ya kwanza, ila wazazi wengi huifungia kabatini mara tu chanjo zinapokwisha, na baada ya hapo mtoto hapimwi tena mpaka augue.

Baada ya miaka mitano, wahudumu wa afya hutumia uwiano wa uzito na kimo. Huchukua kilo za mtoto, wakazigawanya kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 10 mwenye kilo 45 na kimo cha mita 1.40. Mita 1.40 mara 1.40 ni 1.96, 45 gawanya kwa 1.96 ni karibu 23. Kwa mtu mzima, 23 ni namba njema kabisa, maana kipimo cha mtu mzima mwenye uzito unaofaa ni kati ya 18.5 na 24.9. Kwa msichana wa miaka 10 mambo ni mengine. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, uzito wa msichana wa umri huo huanza kuhesabiwa kuwa umezidi anapopita 19, na akipita 22.6 huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia. Ndiyo sababu mzazi hapaswi kujipimia nyumbani kwa jedwali la watu wazima alilolikuta ukutani dukani. Ampeleke mtoto kituo cha afya, apimwe na kulinganishwa na umri wake na jinsia yake.

Tuendelee na msichana wetu, maana hapa ndipo penye habari njema ambayo wazazi wengi hawajapata kuelezwa. Tuseme miaka mitatu imepita. Sasa ana miaka 13, amerefuka hadi mita 1.55, na uzito wake ni kilo 50. Fanya hesabu ile ile: utapata karibu 21. Kwa msichana wa miaka 13 uzito unaozidi huanza karibu na 22. Amerudi katika hali ya kawaida, na hakupunguza hata kilo moja; kinyume chake, ameongeza tano. Mtoto anayekua ana rafiki ambaye mtu mzima hana, nalo ni kimo. Kwa watoto walio wengi kazi ya mzazi ni kuzuia uzito usikimbie, ili kimo kiufikie. Kazi hiyo huchukua miaka, na kwa hiyo haifanyiki kwa ukali wa wiki mbili. Kijana aliyekwisha kuacha kurefuka, au mtoto ambaye uzito umempita kiasi cha kuleta maradhi, yeye ni wa daktari, na mpango wake utapangwa huko.

Ukikumbuka kwamba safari ni ya miaka, utaona kwa nini nimeanza na ulimi kabla ya chungu. Kiswahili kina neno maalumu kwa kosa hili, nalo ni kusimanga: kumpa mtu kitu kisha kumwumiza nacho kwa maneno. "Bado hujashiba tu?" "Hiyo sahani ya mtu mmoja au ya nyumba nzima?" "Wenzako wanakula kidogo, ndiyo maana nguo zinawakaa." Mzazi husema hayo akidhani anamtia mtoto hamasa. Mtoto husikia jambo moja tu, kwamba chakula cha nyumbani kwao ana deni nacho. Asipokuwa na njia ya kulipa deni hilo, atajifunza kula mahali ambapo hapana anayehesabu. Atatoa sahani mezani ikiwa nusu, mama afurahi, halafu usiku atafunua sufuria jikoni gizani. Au atakula njiani kwa pesa ya nauli, akatembea kwa miguu, akafika nyumbani amechelewa na uongo mkononi.

Watafiti waliowafuatilia watoto kwa miaka kadhaa wamekuta kwamba wale waliokuwa wakitaniwa kwa unene wao ndio waliozidi kuongezeka uzito, wala si kupungua. Jambo hilo halipasi kutushangaza. Msichana anayejua kwamba atachekwa akikimbia, hakimbii. Siku ya michezo shuleni hupatwa na tumbo. Huacha netiboli kwa sababu ya sketi, huacha kuogelea kwa sababu ya nguo, na mwishowe huacha hata kutumwa dukani, kwa kuwa pale kijiweni wapo vijana wenye maneno. Kila maneno ya kejeli yanampunguzia hatua alizokuwa azitembee siku hiyo. Wapo pia wanaoingia upande wa pili, wakaanza kujinyima kabisa au kujitapisha kwa siri. Hayo ni maradhi, na mijini kwetu yapo, ila hayatangazwi.

Basi mzazi aseme nini? Kwanza apige marufuku majina. Hakuna "bonge" ndani ya nyumba hii, hata kwa mzaha, hata kutoka kwa mjomba aliyekuja na zawadi. Mwambie mgeni huyo mapema, kando, kabla mtoto hajaingia sebuleni. Pili, asizungumzie mwili wa mtoto bali mambo ya nyumba: "Tumeona soda imezidi hapa kwetu, tunaipunguza sote." Tatu, ajizuie kuusema vibaya mwili wake mwenyewe mbele ya watoto, jambo ambalo akina mama hulifanya mbele ya kioo kila Jumapili asubuhi pasipo kufikiri nani anasikiliza. Na mtoto akirudi shuleni analia kwamba wamemwita jina, asiambiwe, "Si upungue basi." Asikilizwe mpaka mwisho. Kisha mzazi aende kumwona mwalimu wa darasa, kama ambavyo angekwenda kama mwanawe angepigwa.

Sasa tuje kwenye chungu. Kanuni yangu katika jambo hili ni moja: chungu kimoja, sahani za namna moja. Nyumba inayompikia mtoto mnene mchicha mtupu huku wengine wanakula wali na nyama ya kukaanga imemtenga, na mtoto aliyetengwa hutafuta njia ya kurudi. Isitoshe, chakula kinachomfaa mtoto mnene ndicho kinachomfaa ndugu yake mwembamba, na baba mwenye shinikizo la damu, na bibi mwenye kisukari. Kama kuna mabadiliko, yawe ya nyumba nzima, na baba awe wa kwanza kuonekana akiyafuata. Nyumba nyingi hushindwa hapo hapo kwa baba: watoto wananyimwa soda, yeye anarudi nayo jioni mkononi.

Ningeshauri kuanza na vinywaji kabla ya chakula chenyewe, kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa taabu ndogo. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ipatayo gramu 37, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya nishati anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima wa wastani ni gramu zipatazo 50, na ni bora zaidi zikiwa chini ya 25. Mtoto ana haki ya pungufu ya hapo. Basi chupa moja ya mchana, pamoja na vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja, imekwisha kumvusha mpaka kabla hajagusa andazi. Nishati hiyo yote imepita kooni bila kumshibisha, kwani kinywaji hakikai tumboni kama chakula.

Juisi haitusaidii sana hapa. Wazazi wengi huacha soda wakahamia juisi za pakiti, au huchemsha ukwaju na kuumiminia nusu kilo ya sukari, wakaamini wamemfanyia mtoto hisani. Hata juisi ya matunda matupu, isiyotiwa kitu, wataalamu huihesabu sukari yake pamoja na ile ya kuongezwa. Embe lililotafunwa na embe lililosagwa na kuchujwa si kitu kimoja: la kwanza lina nyuzinyuzi, humchukua mtoto robo saa, na akimaliza mawili ametosheka. Maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa vizuri, yakawekwa mtungini au kwenye jokofu mahali mtoto anapofikia, hufanya kazi kubwa kuliko hotuba. Sukari ya chai nayo ipunguzwe polepole, kijiko baada ya kijiko kwa muda wa wiki kadhaa. Ulimi wa mtoto huzoea upesi, na wa mtu mzima hulalamika zaidi.

Baada ya vinywaji, mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zipatazo 90. Viazi hivyo vikigeuzwa chipsi, gramu hizo hizo huwa na kalori karibu 300. Simwambii mtu aache chipsi maisha yake yote. Chipsi mayai ni chakula kitamu, na mtoto wa mjini asiyekijua hayupo. Lakini ni chakula cha siku moja moja, na katika nyumba nyingi kimekuwa chakula cha usiku wa kila siku. Najua sababu yake. Mama anatoka kiwandani au dukani saa kumi na mbili jioni, anakwama katika foleni, anafika saa mbili usiku, mkaa haujawashwa, watoto wana njaa, na banda la chipsi liko mita hamsini kutoka kituoni. Mama huyo si mvivu. Namna ya kumsaidia ni kupanga kazi ya nyumba upya, ili anayetangulia kufika, awe baba au kijana wa kiume wa miaka 15, atie maharage yaliyorowekwa tangu asubuhi motoni. Maharage ya kuchemsha yakigawanywa kwa siku mbili tatu na kuhifadhiwa vizuri, pamoja na mchicha au kisamvu, dagaa kidogo na ugali, yanapatikana kwa bei isiyozidi ile ya chipsi za watu watano.

Ugali wenyewe hauna hatia yoyote. Nimesikia wazazi wakiwakataza watoto ugali na wali kabisa, ilhali mezani pamejaa soda na soseji. Tatizo la ugali na wali ni ukubwa wa mlima ukilinganishwa na udogo wa mboga. Geuza uwiano huo: nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iwe ugali, wali, ndizi au mihogo, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama. Mtoto apakuliwe kiasi, na akiomba nyongeza baada ya kupumzika kidogo, apewe bila sura ya kukunja. Tumbo huchukua dakika zipatazo 20 kuuarifu ubongo kwamba limeshiba. Katika sinia moja la watu sita, ambapo anayekula polepole hulala njaa, dakika hizo hazipatikani. Sinia lina baraka zake, na sitaki livunjwe. Ila watoto wakifundishwa kugawana nyama tangu mwanzo, mbio zitakwisha.

Kuna desturi mbili ndogo ambazo ningependa nyumba zetu ziziache. Moja ni kumlazimisha mtoto amalize kila punje iliyo kwenye sahani iliyojazwa na mtu mwingine. Afadhali umpakulie kidogo kuliko kumfundisha asiusikilize mwili wake. Nyingine ni kutumia vitamu kama mshahara. Amefaulu mtihani, peremende. Amelia, biskuti. Amekaa kimya kanisani au msikitini, soda. Baada ya miaka kumi ya malipo hayo, tusishangae kijana akihuzunika na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye biskuti.

Shuleni mzazi hayupo, na asilimia kubwa ya mambo huharibikia huko. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri bila kula kitu, akiwa na pesa mfukoni, atakula kile kinachouzwa langoni wakati wa mapumziko: maandazi, sambusa, lambalamba, ubuyu wa sukari, vinywaji vya rangi. Kufungiwa viazi vitamu vya kuchemsha, yai, karanga kidogo na ndizi mbivu kutoka nyumbani kutamsaidia, lakini mtoto mmoja mwenye kifungashio kati ya wenzake hamsini wenye maandazi anahitaji moyo mkubwa. Hili ni jambo la kupeleka mbele ya kamati ya shule. Wazazi wakikubaliana, mama yule yule anayeuza maandazi anaweza kuuza mihogo ya kuchemsha, machungwa na matikiti ya vipande. Yeye hufuata wateja. Si lazima afukuzwe langoni na kuikosesha riziki nyumba nyingine.

Kuhusu mazoezi, neno lenyewe limeanza kutuharibia. Kijana mnene akisikia "mazoezi" huona adhabu: kuzungushwa uwanja na mwalimu mwenye filimbi huku wenzake wakitazama. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 za kuutumia mwili kila siku kwa wastani, na dakika hizo zaweza kukatwa vipande. Rede, kombolela, kuruka kamba, chandimu ya mpira wa makaratasi, kucheza ngoma au muziki sebuleni, kufua nguo zake mwenyewe, kutembea kutoka kituo kimoja cha basi hadi kingine, yote huhesabiwa. Hapo zamani hakuna mzazi aliyepanga dakika 60. Uwanja ulikuwapo, na watoto waliitwa ndani kwa nguvu magharibi. Siku hizi viwanja vingi vya mitaa vimekuwa maegesho na mabanda, basi la shule humchukua mtoto mlangoni, na mzazi anayeogopa magari na watu wabaya humfungia ndani na televisheni. Hofu yake ina msingi. Wazazi wa nyumba nne tano wakipeana zamu ya kukaa nje na watoto saa moja ya jioni, hofu hiyo hupungua. Na wasichana wasisahauliwe: mara nyingi kaka yupo uwanjani, dada yupo jikoni amekaa kwenye kibao.

Usingizi nao una sehemu yake, ingawa ni wachache wanaouhusisha na uzito. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 11 za kulala, na kijana wa miaka 14 hadi 17 saa 8 hadi 10. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa ya vitamu na uvivu wa miguu. Simu ya mkononi ilale sebuleni, pamoja na ya baba na mama.

Si kila mtoto atakayefanya haya yote atakuwa mwembamba. Miili hurithiwa, na yapo maumbile ambayo hayatabadilika hata nyumba ikifuata kila neno. Watoto wawili waliolelewa chungu kimoja, mmoja huwa mnene na mwingine mwembamba, na hakuna mwenye kosa. Mtoto anayekula vizuri, anayecheza, anayelala na asiyeona haya kuingia darasani amekwisha kupata nusu kubwa ya alichokuwa akihitaji, hata kama mizani haijasogea sana. Mshonee sare inayomkaa leo. Ipo tabia ya kumshonea kijana suruali ya kubana makusudi "ili ajitahidi", nayo hutia michubuko mapajani, basi.

Zipo njia za mkato ambazo napenda kuzitaja kwa ajili ya kuzikataza tu. Chai za kupunguza unene zinazouzwa mitaani na kwenye simu, ambazo nyingi ni dawa za kuharisha. Vidonge alivyoandikiwa mtu mzima mwingine. Kunyimwa chakula cha usiku. Kula matunda matupu kwa mwezi. Mwili unaokua hauna ruhusa ya kunyimwa protini, madini ya chuma na chokaa. Kilo zinazopotea kwa namna hiyo aghalabu hurudi na wenzake.

Mwisho, dalili za kumfikisha hospitali bila kungoja. Ya kwanza akina mama huiona kila siku bila kuitambua: ngozi ya shingo kwa nyuma, au ya kwapani, inakuwa nyeusi na nene kama mahameli. Mama hudhani ni uchafu, akamsugua mtoto kwa dodoki mpaka akalia, na weusi usitoke. Hautatoka kwa sabuni. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini, na kwamba kisukari cha ukubwani kipo njiani. Akiwa anakunywa maji sana na kukojoa mara nyingi, hasa akiamka usiku kwa ajili hiyo, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Mtoto anayekoroma kwa nguvu, akinyamaza kama aliyekata pumzi kisha akashtuka, naye apelekwe. Huyo ndiye anayesinzia darasani na kuchapwa kwa uvivu. Kijana anayechechemea, au anayelalamikia nyonga au goti pasipo kuanguka, asitembezwe kwa miguu kwenda kukandwa, bali afikishwe haraka akapigwe picha, kwa sababu uzito huweza kuutelezesha mfupa wa paja kutoka kiungoni mwake, na kila siku anayoukanyaga humzidishia madhara. Hali kadhalika kichwa kinachouma mara kwa mara pamoja na ukungu machoni, na huzuni isiyokwisha, au kijana anayesema hataki kuishi.

Mkifika huko, mwache mtoto mwenyewe ajibu maswali ya daktari. Kama ni msichana mkubwa na anaona haya, omba apimwe uzito chumbani, si koridoni mbele ya foleni, na namba isitamkwe kwa sauti. Unayo haki ya kuomba hivyo, na wauguzi walio wengi watakubali wakiombwa kwa adabu.